Mbuzi Aliyehamia Murang'a

Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025, manyunyu yalilisindikiza basi kutoka Tawa hadi Wote. Syombua, aliyejifunza kusoma kwenye masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na sita, aliomba kimoyomoyo. Hadithi yake ya Kikamba ilitakiwa kusomwa kwenye tamasha la waandishi wa lugha ndogo, naye aliogopa kusimama mbele za watu. Ee Mungu, nipe msomaji.

Jibu lilikuja haraka. "Mama, mimi husoma kanisani. Lete nikusaidie," akasema jirani yake wa kitini, Mbogo, mwuza viatu wa Sultan Hamud, ambaye Syombua alikuwa amemweleza shida yake.

Mbogo akasoma kwa sauti ya mhubiri, lakini kila palipoandikwa mbui, yaani mbuzi, alitamka mburi, kama wasemavyo kwao Murang'a.

"Wuui! Mbuzi wetu amehamia Murang'a!" mama mmoja akadakia. Basi zima likacheka.

"Si mbuzi ni mbuzi tu?" Mbogo akajitetea.

"Huyu ni wa Tawa. Ukimwita hivyo haitiki," Syombua akajibu, akichukua karatasi yake.

Walibishana hadi basi liliposimama. Syombua akageuka mlangoni. "Nyote ni mashahidi. Leo nitasoma mwenyewe, hata nikitetemeka."