Usukani wa Denis

Tangu Noah ya abiria itoke Kashaulili, Josefina alikuwa anamtazama mwanawe Denis akiendesha, moyo umemjaa fahari. Kila alipokata kona kitu kililia ndani ya boneti, na Denis akaung'ang'ania usukani utadhani anavuta ng'ombe topeni.

"Mama, usukani wake mgumu," alisema Nyanda, abiria mfugaji aliyekaa pembeni ya Josefina. "Mkanda wa injini unaousaidia usukani umelegea. Si unausikia unavyolia?"

"Baba, yule ni mwanangu. Usukani anaushika kwa heshima."

"Heshima haitoi jasho hivyo. Trekta langu lilianza hivihivi."

"Basi kaendeshe trekta lako."

Walipofika Litapunga, Denis alisimamisha gari, akafungua boneti, akaubonyeza mkanda. Ulibonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Josefina akamgeukia Nyanda kabla hajafungua mdomo.

"Umeona? Kagundua mwenyewe."