Nyundo na Dramu Zake za Mwaloni

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya ringi mbili za gari, mbele ya kibanda changu cha kunyoa, ubavuni mwa karakana ya Nyundo. Mwisho wa kulia ni wa Hakimu, ambaye hajaingia mahakamani hata kama shahidi. Jina alilipata kwa kutoa hukumu juu ya kila jambo. Katikati hukaa Chaji, fundi simu, kijana anayeamini hakuna ugonjwa duniani usiotokana na umeme. Mama Birika hutumiminia kahawa, na ndiye pekee anayeweza kutunyamazisha, maana hakuna anayetaka kurukwa kikombe kikipita. Asubuhi ile mpira haukuzungumzwa. Nyundo, ambaye siku za kazi huchomelea mageti na mwisho wa wiki huipigia bendi, alikuwa amenunua dramu zake mwenyewe, za mti wa mwaloni, baada ya miaka yote ya kupigia za watu. Alizipanga uani kwake, akatupa mgongo ili mwanga umwangukie mikononi, akaanza kuzivua ngozi zilizokuja nazo.

— Anazivua za nini? — akauliza Chaji. — Si mpya hizo?

— Hizo ni za kuuzia, — nikamwambia. — Mpigaji hutafuta zake.

— Ngozi gani? — akasema Mama Birika. — Mbona naona plastiki tupu!

— Plastiki ndiyo, mama. Zamani zilikuwa ngozi kweli, jina likabaki.

— Kama nywele za Hakimu. Jina tu limebaki.

Tukacheka. Hakimu akajipapasa utosi, akanywa kahawa yake kwa heshima zote.

Nyundo alikuwa na mafungu mawili mezani: ngozi zinazoonyesha ng'ambo kama kioo, na nyeupe zenye uso wa kukwaruza.

— Aweke za kioo, — Hakimu akatoa hukumu. — Sauti haitakuwa na pa kujificha.

— Juzi nikimnyoa aliniambia atatia nyeupe, — nikasema. — Mwaloni ni mti mgumu, una kelele zake mwenyewe. Nyeupe inautuliza kidogo.

— Wewe unanyoa au unapiga dramu?

— Nanyoa. Lakini masikio ninayo.

Nyundo akachukua nyeupe. Akailaza moja juu ya ngoma ya ukubwa wa ndoo, ile wanayoiita tomu, akaivika ringi ya chuma, akakaza skrubu kwa vidole. Akaibonyeza katikati kwa kiganja mpaka ikatoa mlio wa kualika. Kisha ufunguo: skrubu hii kidogo, halafu ile inayoitazama upande wa pili. Akagonga.

Sijui niielezeje sauti ile. Ilikuwa nene, ya mviringo, ikaja mpaka kwenye ubao tuliokalia.

— Hapo hapo! — Hakimu akapaza sauti. — Usiguse tena!

Nyundo, bila kugeuka, akajitikisia kichwa, akakaza. Akagonga, akainamisha sikio, akakaza tena. Sauti ikapanda, ikakonda. Akaendelea hivyo mpaka ngoma nzuri ya mwaloni ikawa inalia kama debe la mafuta ya taa.

— Ameipita, — nikasema.

— Mti wenyewe bado mgeni, — akasema Hakimu. — Umekulia kwenye baridi. Ukiuleta kwenye joto, mbao zinashtuka.

— Siyo mbao, mzee, — akasema Chaji. — Tazama juu yake. Ule waya wa umeme. Unavuta sauti juu.

— Waya unavuta sauti?

— Kwenye simu unavuta. Kwenye ngoma kwa nini usivute?

— Basi azigeuze zielekee ukutani. Ukuta utazizuia.

— Au azilaze kwenye maji usiku mmoja, — akasema Chaji. — Mti ukinywa, unatulia.

— Azilaze kwenye maji, halafu ukae juu ya waya uzianike!

Mama Birika hakucheka. Alikuwa amesimama na birika mkononi, anamtazama Nyundo mgongoni.

— Nyie mnacheza, — akasema. — Huyo shemeji yangu amebadilika. Mdogo wangu yuko kwangu na begi lake. Anasema anaongea na mume kama anaongea na kabati. Akimwuliza jambo akiwa jikoni, kimya. Akimsemesha gizani, kimya. Tangu ameanza habari ya dramu hizi, mke si mtu tena.

— Mwanamume akipata kitu kipya… — Hakimu akaanza.

— Hakimu, kahawa yako itaishia hapo.

Hakimu akavuta kikombe chake karibu. Huko uani Nyundo alikuwa amehamia tomu ya pili, na yenyewe tulisikia ikipita pazuri na kwenda zake juu. Palikuwa na kitu cha kusikitisha katika kumtazama. Hakuwa na papara. Alikuwa akifanya kila kitu kwa utaratibu, kama mtu anayejua kazi, na kila hatua ilimpeleka mbali zaidi na alikotaka kwenda.

Ndipo akaja dada mmoja ambaye hatukuwahi kumwona, amebeba kiti cha chuma kilichokatika mguu. Akatusalimia kwa heshima, akapitiliza hadi uani, akasimama nyuma ya Nyundo. Tukamwona anaongea. Akaongea tena. Nyundo alikuwa ameweka ufunguo chini, anatazama tu dramu zake. Hapakuwa na kelele yoyote. Yule dada akasubiri, kisha akarudi kwetu, uso umemshuka.

— Samahanini, — akasema. — Yule fundi nimemkosea nini?

Chaji alitazama waya, kisha akaacha kuutazama. Hakimu aliweka kikombe chini. Mimi nilikumbuka kwamba siku hizi nikimnyoa Nyundo huwa ananitazama kwenye kioo, mdomoni, na kwamba nikiinama nyuma yake kunyoa shingo mazungumzo yetu hufa. Nilidhani anasinzia.

— Mungu wangu, — akasema Mama Birika taratibu. — Hasikii.

Nikaenda. Nilizunguka hadi mbele yake, nikachuchumaa anione.

— Nyundo. Tangu lini?

Angeweza kunitania, na nilimwona akilitafuta neno la utani, akalikosa.

— Hili sijui lilianza lini, — akasema. — Nadhani ni ile mashine ya kukatia chuma. Au dramu zenyewe. Sauti nene nazisikia. Nyembamba ndizo zinazokimbia. Watoto, ndege, maneno ya mtu aliye chumba cha pili.

— Na hizi mbona unazikaza hivyo?

Akaweka kiganja juu ya tomu.

— Ngozi ikikaa vizuri, ukigonga, juu ya ile sauti kubwa kuna mlio mwembamba. Unabaki hewani kidogo, halafu unaondoka. Huo ndio huniambia nimefika. Nakaza nikiutafuta. Nadhani uko mbele kidogo, naenda, nao haupo.

— Uliupita zamani, ndugu yangu. Umeuacha mbali.

Akacheka bila furaha. Mama Birika naye alikuwa ameshafika, birika bado mkononi.

— Kwa nini hukumwambia mkeo?

Hakusikia, kwa kuwa alisimama ubavuni. Nikamwashiria mama asogee mbele, akarudia.

— Angenionea huruma, shemeji, — akasema Nyundo. — Na bendi ikijua, nani atamwita mpigaji kiziwi aje kupiga? Nikaona bora aninunie. Mtu aliyenuna utasuluhishana naye. Huruma utaifanya nini?

— Ungekuwa karibu ningekumwagia kahawa hii, — akasema Mama Birika, naye alikuwa karibu kabisa. Akaliweka birika chini, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka kwa haraka.

Tulizilegeza zote tukaanza upya. Mimi nilikaa mbele yake. Alipogonga karibu na skrubu, nilinyanyua kidole ikihitaji kupanda, nikakishusha ikihitaji kulegea. Kumbe kila skrubu ina sauti yake, na zote lazima zikubaliane kabla ngozi haijakubali. Chaji akaja kushika ngoma isizunguke. Hakimu akapiga magoti kwenye vumbi la chuma na suruali yake iliyopigwa pasi, akaweka sikio usawa wa ringi.

— Hii hapa iko chini, — akasema. — Ile iko sawa. Hapa… sina uhakika. Gonga tena.

Sijawahi kumsikia akisema hana uhakika. Nyundo mwenyewe aliacha ncha za vidole kwenye mbao wakati wa kugonga. Aliniambia mwaloni unatikisika wazi kuliko mbao nyingine alizowahi kupigia, ndiyo maana aliuchagua. Alitaka kitu ambacho mikono ingekisikia masikio yakichoka. Yule dada mwenye kiti alikaa juu ya kipande cha bomba, akasema hana haraka.

Mkewe alifika tukiwa kwenye tomu ya mwisho. Hakuita. Mama Birika alikuwa ameshamwambia, kwa hiyo alizunguka hadi mbele, akasimama pale nilipokuwa nimekaa. Nikampisha.

— Ungeniambia, — akasema.

— Ningeanzaje?

— Hivyo hivyo tu. Ungesema, mke wangu, sisikii.

Nyundo akainamisha kichwa.

— Mke wangu, — akasema, — sisikii.

Mkewe akamshika bega, akaliachia. Mbele za watu, kwa wale wawili hilo lilikuwa jingi. Kisha akamwonyesha dramu kwa kidevu.

— Maliza kazi yako.

Nyundo akakaza skrubu ya mwisho nilipomwashiria, akagonga katikati. Ile sauti nene ikarudi. Na juu yake, kweli, kulikuwa na mlio mwembamba, ambao nisingeusikia kamwe kama asingenifundisha kwamba upo.

— Upo? — akauliza, akitutazama midomoni mmoja mmoja.

— Upo, — tukasema.

— Ukoje?

Hakimu akakuna kidevu. Chaji akasema ni kama… akaishia hapo. Mimi pia nilitafuta neno nikalikosa, nami nilikuwa nimeusikia kwa masikio yangu mawili.

— Gonga, — akasema mkewe.

Akagonga. Mkewe akanyanyua mkono mbele ya uso wa mumewe, akauacha hewani. Mlio ulipoanza kufifia, mkono ukaanza kushuka, polepole sana, naye Nyundo akaufuata kwa macho mpaka ukatua juu ya ngozi nyeupe.