Kocha wa Matopeni

Kwenye bajaji ya kutoka Mbugani kwenda Ngonga nilibanwa katikati ya mashabiki wawili wa timu yetu. Nilijifanya nasinzia. Niliwahi kuwa mwamuzi siku moja tu, nikarudi nyumbani na kiatu kimoja.

"Mama, Angetile alikuwa mshambuliaji hatari, sikatai," alisema bwana mwenye jezi iliyopauka. "Lakini ukocha? Huyo hajafundisha hata kuku kuingia bandani! Jumapili Ngana wakitufunga, tunashuka daraja."

"Baba, wewe hujaona mazoezi yake," akajibu mama aliyepakata jembe. "Anawakimbiza vijana kwenye tope la shamba la mpunga, magoti juu, mpaka miguu inakuwa chuma."

"Shamba la nani?"

Mama akageuka kutazama migomba ya barabarani. "Langu. Wamelivuruga vizuri, tope likalainika, jana nimepandikiza miche. Ndaga fijo, asante sana, kocha!"

"Ahaa! Kumbe unamtetea bwana shamba!"

"Na pasi wanapiga!"

"Wanapasiana miche!"

Tulicheka wote, hata dereva, ambaye alikwepa shimo moja akatutumbukiza kwenye lingine. Bwana aliendelea kuapa kwamba Angetile hafai, hana cheti, hana hata filimbi, mpaka bajaji iliposimama Ngonga. Akashuka, akapiga hatua mbili, akarudi na kuinama karibu na mama.

"Samahani, mama," akauliza kwa sauti ya chini, "mazoezi ya kesho yamepata shamba? Langu bado halijavurugwa."