Nani Aseme "Tulitoka"

Mheshimiwa Kuhani uliyetujia kutoka Shilo, waheshimiwa wazee wa koo, ndugu wageni waalikwa mlioupanda mlima huu na kondoo mabegani, akina mama wenzangu, na ninyi watoto mnaowaza nyama badala ya kunisikiliza: amani iwe kwenu nyote.

Mimi ni Hogla binti Ahira. Kila majira ya kuchipua, kabla ya kondoo kuchinjwa, nimesimama hapa nikasimulia jinsi Bwana alivyotutoa Misri. Kazi hii niliirithi kwa bibi yangu, aliyevuka maji yale kwa miguu yake mwenyewe, na unga uliokandwa bila kuchachuka ukiwa umefungwa kwenye nguo yake. Leo naiacha. Sauti imekauka, kama mnavyosikia, na wanangu wote nimewazika. Nawaambia wazi kwamba naogopa. Naogopa kufa na habari hii mdomoni, kwa sababu mkisahau mlikotolewa, huyo Bwana mtamjua kwa lipi?

Mnajua nimemchagua nani, na wengi mmenuna. Nimemchagua Yapahu mfinyanzi, mtu wa bondeni, aliyetufikia hapa na mke mjamzito na punda mgonjwa. Leo hakuna nyumba kijijini isiyoweka mafuta kwenye mitungi aliyoifinyanga yeye.

Juzi, pale langoni, Mzee Elidadi alimwambia mbele za watu, "Wewe Misri umeiona wapi? Hata punda wako hajafika!" Watu wakacheka. Nami nikamuuliza, "Na wewe shemeji, uliyezaliwa hapo nyuma ya zizi, bahari uliivuka lini? Ulipokuwa tumboni mwa bibi yako?" Wakacheka zaidi, naye akabaki anashika ndevu. Usininunie, Elidadi. Nakupenda, na kondoo uliyemleta leo ni mnono kuliko wote.

Lakini aliyenipinga kweli kweli si Elidadi. Ni Yapahu mwenyewe. Miaka yote, akiwasimulia binti zake, husema "walitoka Misri". Hasemi "tulitoka". Sikukuu ikifika hukaa nje ya duara hili, na nyama yake humpelekea mkewe. Nilipomwomba aishike kazi yangu aliniambia, "Mama, mimi nilizaliwa kule chini. Siwezi kusema uongo mbele ya Mungu wenu."

Mungu wenu! Neno hilo lilinichoma.

Nikamuuliza, huko chini ulikuwa ukifanya kazi gani? "Kuvuna ngano," akasema. Ngano ya nani? Akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Ya Farao, Mama. Bonde lote lilikuwa lake. Yule tuliyemwita mfalme wetu alikuwa mnyapara wake tu. Baba yangu alifia shambani, na Wamisri wakatuambia tumzike mavuno yakiisha." Kisha akateremsha vazi begani, nikaiona alama ya kamba waliyomfunga aburute mawe ya ngome yao.

Ndugu zangu, niliketi chini pale pale. Maisha yangu yote nimesimulia Misri kana kwamba ni nchi ya ng'ambo ya jangwa na basi, kumbe mkono wake ulifika hadi hapo chini, mahali tunapopaona tukianika zabibu! Bibi yangu alimkimbia Farao kwa kuvuka maji. Huyu alimkimbia Farao yuleyule kwa kupanda mlima, huku akimshika mkono mke aliyekaribia kujifungua. Ni nani aliyemfungulia njia? Mheshimiwa Kuhani, wewe unayelala karibu na sanduku la Bwana, nijibu: wako mabwana wawili wanaowapokonya watu mikononi mwa Farao, mmoja wetu na mwingine wake?

Na tutazamane vizuri. Wamo humu wachungaji waliotoka jangwani kusini, wamo waliotoroka madeni mijini, wamo ambao baba zao hawakuwahi kukiacha kilima hiki hata siku moja. Tukianza kuchambua nani alivuka na nani hakuvuka, duara hili litabaki tupu, maana hata mimi sikuvuka. Kilichotukusanya ni kwamba kila mmoja wetu alikuwa na bwana mkatili, na hatukujiokoa wenyewe.

Siku ile nilimwambia Yapahu, "Basi nawe ulitolewa, mwanangu." Mtu mzima yule akalia mbele yangu, udongo ungali mikononi.

Nakushukuru, Mheshimiwa Kuhani, kwa safari yako. Nawashukuru wazee kwa kununa kwa adabu, na akina mama kwa kuniletea maji kila koo liliponikauka. Mmenitegea masikio tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Bwana awalipe mema. Mimi nimemaliza.

Yapahu, inuka hapo ulipo, uingie ndani. Elidadi, sogea umpishe. Kondoo hatachinjwa mpaka tukusikie, mwanangu. Sema kwa sauti, binti zako wajue walikotoka: "Tulikuwa watumwa wa Farao."