Elisaria Akyoo wa Benchi la Nyuma

Wasifu wa Elisaria Anaeli Akyoo (1958–2025), umeandikwa na kusomwa na Penina Gadiel, mtoto wa kaka yake, kwa niaba ya familia.

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, hapa hapa kwenye migomba ya Mzee Anaeli na Mama Anyesi, mteremko wa Mlima Meru. Walizaliwa wawili tu. Kaka yake, Gadiel, alimtangulia kwa miaka minne, na ndiye aliyembeba mgongoni kila walipovuka mfereji. Mama Anyesi hakumpa mtoto uji kabla hajamwamkia mkubwa wake. Elisaria, ambaye njaa ilimwamsha kabla ya jogoo, alikuwa anapiga shikamoo tatu mfululizo ili kikombe kije upesi.

Alisoma shule ya msingi kijijini, 1966 hadi 1972, kisha sekondari hadi 1976. Mwaka uliofuata aliajiriwa karani wa mahakama ya mwanzo, na huko ndiko alikoambukizwa ugonjwa wa kusikiliza kesi. Mwaka 1981 alirudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha uandishi wa habari.

Kwa zaidi ya miaka thelathini aliandika safu iitwayo Benchi la Nyuma, kwanza katika gazeti la kila wiki hapa Arusha, na gazeti lilipofungwa, kwenye kundi la WhatsApp. Alifafanua kesi zilizokuwa zikizungumzwa mjini: kiwanja kilichouzwa mara mbili, vibarua waliofukuzwa shambani, mwalimu aliyezushiwa wizi. Simu zilipoanza kuwahukumu watu, aliandika: "Mtandaoni hukumu inatoka asubuhi, mahakamani shahidi wa kwanza anaitwa mchana." Wapo waliomtukana kwa maneno hayo, na yule mwalimu, alipoachiwa huru, alikuja kumshukuru.

Alikuwa na utaratibu wake na hakuuvunja. Kesi ikiwa inaendelea, hakusalimiana na upande wowote, asije akaambiwa ameegemea. Alikula ndizi zake peke yake nje ya geti. Ndugu wa washtakiwa wakimkaribisha chai, alijibu, "Kesi ikiisha, mama." Kesi ikiisha kila mtu alishika njia yake, na chai hiyo sidhani kama aliinywa hata mara moja.

Mwaka 1989 alifunga ndoa na Kandida katika usharika huu wa Kilutheri, wakajaliwa mtoto mmoja, Frederick. Mama Frederick alikuwa akisema kwa utani kwamba mumewe anausikiliza mkoa mzima isipokuwa mtu aliye naye mezani. Alifariki mwaka 2006. Frederick alipopata kazi Dodoma, marehemu alihamia chumba cha kupanga Kaloleni, mahali ambapo angeweza kwenda mahakamani kwa miguu.

Jambo linalofuata familia imekubaliana lisemwe. Mwaka 2013 Gadiel, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji, alishtakiwa na wakulima wa chini kwa kuwafungia maji wakati wa ukame. Marehemu alihudhuria siku zote tatu, akakaa benchi la nyuma kama kawaida yake. Gadiel alishinda. Wiki hiyo mdogo wake aliandika kwamba daftari la zamu za maji halikuangaliwa, na kwamba hukumu ilikosea. Rufaa ilikubaliana na andiko hilo, na Gadiel akapoteza kesi pamoja na uenyekiti.

Walikaa miaka kumi na miwili bila kusemeshana. Krismasi, watu wote wanapopanda kuja nyumbani, marehemu alibaki Kaloleni. Kwenye mazishi ya Mama Anyesi, mwaka 2017, alisimama na majirani upande wa shamba la kahawa, akaondoka kabla ya chakula. Frederick alipombana aje kuomba radhi, alisema hawezi kuomba radhi kwa kuandika ukweli. Hakujua kwamba aliombwa kitu kingine. Gadiel alimweleza binti yake siku moja: "Lile andiko sikulikasirikia. Siku tatu alikaa nyuma ya mgongo wangu, hakuniamkia."

Wala hakujua kwamba kila Jumamosi Penina alimsomea baba yake, ambaye macho yalikwisha kuchoka, safu ya Benchi la Nyuma kuanzia juu hadi mwisho. Jina la mwandishi halikutajwa nyumbani. Ila mzee alikuwa akisema, "Rudia hapo."

Mwaka 2022 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza. Iligundulika kuwa ni saratani ya koo, na upasuaji wa Februari 2023 uliiondoa sauti kabisa. Aliendelea kuandika. Mwezi Mei mwaka huu Jumamosi tatu zilipita bila safu, na Gadiel akauliza kuna nini. Alipoambiwa kwamba mdogo wake amelazwa, aliomba koti lake.

Yeye na Penina walifika wodini Jumanne, tarehe 10 Juni. Marehemu alimtazama kaka yake, akavuta daftari, akaandika kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji. Gadiel alilisogeza karibu na macho, hakuona kitu. Ikabidi Penina asome kwa sauti: "Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu," alisema Gadiel. "Umekunywa uji?"

Marehemu alilia, na sisi wote tukalia. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 67. Mahali pa kaburi, kando ya mfereji, amepachagua Gadiel mwenyewe.

Ameacha mtoto wake Frederick, mkwe wake Vaileth, wajukuu wawili, shemeji yake Naisiae, Penina, na kaka yake Gadiel, ambaye tangu Alhamisi anaomba asomewe zile safu za zamani.

Ameamkia, na ameitikiwa. Sasa apumzike.