Dada Faraja Anastaafu, Mwanvua Anakwenda Lusaka

Tarehe 31 Desemba 2005, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Mwanvua Massoudi atazima kipaza sauti chake na kwenda nyumbani. Tunasema "atazima" kwa heshima tu. Swichi ya kipaza hicho ilivunjika zamani, na tangu hapo hakuna aliyeweza kukizima. Wakaguzi wametulaumu kwa jambo hilo kila walipokuja, lakini ndilo lililompa Mama Mwanvua furaha kubwa kuliko zote alizopata hapa Redio Kipaza.

Mimi, Espoir Birindwa, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa ni mkuu wa idara ya tovuti. Idara hiyo ina mtu mmoja, kompyuta moja, na kiti chenye miguu mitatu na tofali. Wenzangu walisema kwamba asiye na wasikilizaji ndiye mwenye muda wa kuandika. 

Mama Mwanvua ni mzaliwa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, binti wa fundi wa magari. Aliajiriwa mwaka 1979, wakati hapa hapakuwa na redio bali studio ya kaseti iliyojibanza nyuma ya bohari la kahawa, kwenye eneo la viwanda, Zone Industrielle. Watu walikuja kurekodi harusi na matangazo ya maduka, lakini zaidi walikuja na barua za sauti. Mtu alikaa mbele ya kipaza, akamweleza mwanawe aliye Kigoma au Ubelgiji kwamba mvua imenyesha na mjomba ameoa tena, kisha kaseti ikatiwa kwenye bahasha. Kazi ya Mwanvua ilikuwa kuandika majina juu ya kaseti na kuwapelekea chai waliokuwa wakilia.

Siku moja msomaji wa tangazo la sabuni alipotewa na sauti, na mwenye studio akamsukuma Mwanvua mbele ya kipaza. Sabuni ile haikuwa na povu, na mji mzima ulijua. Hata hivyo, baada ya kumsikia, watu walirudi kuinunua, nafikiri kwa kumwonea huruma.

Studio ilipogeuka redio mwaka 1998, mkurugenzi wetu, Mzee Byamungu, aliamua kwamba Kiswahili chetu cha Bujumbura hakifai kupita hewani. Yeye mwenyewe ni mtu wa Bukavu, na hilo halikumzuia. Alitaka tuseme kama watu wa pwani, ambao wengi wetu hatujawahi kuwaona. Kila mtangazaji alipewa jina la hewani na sauti ya hewani. Mwanvua akawa Dada Faraja, mwanamke wa sauti laini, asiye na haraka, ambaye ungeapa kwamba hajawahi kupanga foleni ya mafuta. Mimi nikawa Kaka Ushindi kwa kipindi kimoja, kisha nikashauriwa nipende kompyuta.

Kipindi cha Dada Faraja, Salamu za Jioni, kilisikilizwa katika mitaa ya Ngagara, Mutakura, Buyenzi, na hata kwenye vizuizi vya barabarani, ambako askari waliwahi kutupitisha bila maswali kwa sababu tulikuwa tunafanya kazi naye. Alisoma salamu za wachumba na matangazo ya watu waliokuwa wakitafutana kwa sauti ileile moja. Kila mara alimaliza hivi: "Na wewe mdogo wangu, popote ulipo, dada yako anakusalimu."

Wasikilizaji walidhani ni maneno ya kupamba kipindi. Sisi tulijua sivyo. Mdogo wake, Khadidja, alitoka Bujumbura mwaka 1995, wakati mitaa ilipokuwa ikihama na kila mtu akibeba alichoweza. Alivuka mpaka na mumewe kwenda Uvira, Kongo. Mwaka uliofuata vita vikawafuata huko, na tangu hapo hakuna habari. Mama yao alifariki akimwulizia. Mwanvua hakulitaja jina lake hewani, maana miaka ile hukujua jina ukilitaja litaangukia sikio la nani. Kipindi kikiisha alikunja karatasi zake na kubaki ameketi kidogo. Tulimpenda, na tulimwonea uchungu.

Ndipo mwaka 2004 mimi nikaleta tovuti. Mawimbi ya mnara wetu yalifika Gatumba, na hewa ikiwa safi sana, Uvira. Nilirudi kutoka mafunzo ya wiki moja Kigali nikitangaza kwamba sasa sauti yetu itafika dunia nzima. Mama Mwanvua aliniuliza kama dunia nzima maana yake ni kila mahali. Nikamjibu ndiyo, kwa uhakika wa mtu mwenye cheti kipya. Tangu siku hiyo, kila asubuhi aliniuliza kama kuna mtu amepita.

Hakuna aliyepita. Niliweka bendera inayopepea. Niliweka muziki unaoanza wenyewe na usiokubali kunyamaza. Niliweka picha ya Mzee Byamungu amevaa tai, ambayo kwa laini zetu ilifunguka taratibu kuanzia nywele kushuka chini. Wageni wengi walikata tamaa kwenye paji la uso. Kihesabio cha wageni kilipanda kila nilipokitazama, kwa sababu aliyekuwa akikitazama ni mimi.

Mwanzoni mwa mwaka huu, kijana wetu Vainqueur, anayesoma Montreal, alituandikia habari za podikasti. Nilimweleza mkurugenzi kwamba ni kama kujiandikisha kwa gazeti. Mgeni akishajiandikisha kwenye tovuti mara moja, kila kipindi kipya kinamfuata chenyewe mpaka kwenye kompyuta yake, akisikilize wakati anaotaka. Mzee Byamungu aliuliza kama kile kipindi chake, Neno la Mkurugenzi, nacho kitawafuata watu. Nilipomhakikishia kwamba hawataweza kukikwepa, mradi ulipita.

Miezi ya kwanza nilichagua vipindi kwa mkono, nikavisafisha, nikavipandisha kimoja kimoja. Wageni waliongezeka kidogo, mithili ya watu wanaokuja kwenye msiba wa jirani wasiyemfahamu vizuri. Kisha nikajifunza kuiachia kompyuta ipandishe yenyewe, na hapo inabidi nieleze desturi moja ya nyumba yetu.

Mashine yetu ya kurekodi ni ya tangu enzi za studio. Kaseti ikianza kuzunguka, sauti hulegea kama ya mtu aliyetoka kwenye pombe. Kwa hiyo tangu zamani tunabonyeza mapema na kuiacha kaseti ipate moto, huku sisi tukinywa chai palepale, mbele ya kipaza kisichozimika. Wakati wa kurusha hewani, fundi mitambo wetu, Anouar, huisogeza kaseti mpaka kwenye muziki wa kufungulia. Lakini kilichopanda kwenye tovuti kilikuwa kaseti nzima. Anouar alidhani nakata mimi, mimi nilidhani anakata Anouar, na Mzee Byamungu alidhani intaneti inajikatia yenyewe.

Hatukujua lolote. Sote tulijivunia tovuti yetu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiisikiliza. Tuliona tu kwamba wageni wanaongezeka, safari hii wageni wa kweli, kutoka Brussels, Nairobi na miji mingine ambayo Benite wa mapokezi aliitafuta kwenye ramani. Mkurugenzi alieleza kikaoni kwamba Neno lake limeanza kugusa mioyo. Mimi nilieleza kwamba ni bendera.

Kisha ikaja imeli kutoka Brussels. Mama mmoja aliuliza, kwa wasiwasi wa kweli, kama mbuzi wa Anouar alipatikana.

Anouar alikuwa amepotelewa na mbuzi Ngagara, hilo ni kweli, lakini alitusimulia sisi tu, kwenye chai. Tulikaa kuizunguka kompyuta, tukafungua podikasti yetu wenyewe, na tukasikia sauti zetu. Mzee Byamungu alikuwa akimwuliza mtu kama soksi zake zinanuka. Mimi nilikuwa nikijigamba kwamba bila mimi redio ingefungwa. Na juu yetu sote ilisikika sauti ya Mama Mwanvua, ya Buyenzi kabisa: "Nani amegusa tena sukari yangu? Mi niliifichaka mu muchele, na bado mukaiona. Muko na pua ya panya. Apana, Anouar, we usiniangalie vile."

Sukari aliificha tangu miaka ya vikwazo vya biashara, ilipokuwa adimu, na vikwazo vilipoondolewa hakuona sababu ya kutuamini. Tulicheka mpaka tukamtazama. Yeye hakucheka. Kwa miaka saba alikuwa amemtengeneza Dada Faraja, mwanamke ambaye hata askari walimheshimu, na sasa dunia ilikuwa imemsikia akigombania sukari. Lililomuuma zaidi alilisema kwa kifupi: "Salamu zangu za mudogo wangu sasa ni kichekesho. Dada Faraja amekufa, mumuzike." Aliomba kipindi apewe mtu mwingine na yeye aondoke mapema, mwezi uleule.

Mzee Byamungu aliandika tamko la kuomba radhi, refu kuliko kipindi chenyewe, akaniagiza nifute kaseti zote kwenye tovuti. Nilijaribu siku nzima. Laini ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Nawaomba mkumbuke kwamba, kwa mara moja katika historia ya idara yangu, kushindwa kwangu kulikuwa na faida.

Huko Lusaka, Mkongomani mmoja aitwaye Mirindi ana saluni ya kunyoa. Huchukua vipindi vyetu kwenye duka la intaneti, akavitia kwenye sidii na kuwapigia wateja wanaotoka pande zetu. Mama mmoja humpeleka hapo mwanawe, Musafiri. Mama huyo alishamsikia Dada Faraja mara kadhaa, kwenye vipindi vile nilivyovisafisha, na hakumpenda. Alimwambia Mirindi kwamba mwanamke yule anajisikia sana. Hata zile salamu kwa mdogo wake zilimpita, kwa sababu hakuwa na dada anayesema vile. Siku moja Mirindi alitia sidii ya kipindi kile ambacho nilishindwa kukifuta, na kabla ya muziki wowote saluni nzima ikasikia habari za sukari. Yule mama akasimama.

Simu iliita hapa alasiri, Mama Mwanvua akiwa anakusanya vitu vyake. Benite hakuwepo, kwa hiyo aliipokea mwenyewe, na kwa mazoea alitoa sauti ya Dada Faraja kuuliza amsaidie nani. Sauti ya simu ile ni kubwa kiasi kwamba tulisikia sote.

"Apana," alisema mwanamke wa upande wa pili. "Mi sitaki ule. Uniitie mwenye sukari."

Mama Mwanvua akauliza, kwa sauti yake mwenyewe, ni nani anayemtaka.

"Ni mi, yaya. Mi njo nilikulaka sukari yako."

Kwetu yaya ni dada mkubwa, na tangu utoto wao, sukari ikipungua, Mwanvua ndiye aliyeuliza na Khadidja ndiye aliyekana. Hakuwahi kukiri hata siku moja. Mama Mwanvua alijishusha kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kwa bahati mbaya kilikuwa changu. Tofali likateleza, akaanguka chini, na simu hakuiachia. Aliongea akiwa sakafuni, akicheka na kulia. Kisha ikambidi amwambie mdogo wake habari ya mama yao, na hapo tukatoka nje, sote tukilia, Mzee Byamungu akisingizia vumbi la kahawa.

Hakuondoka mwezi ule. Alirudi kwenye kipaza kesho yake na kumaliza mwaka kama ilivyopangwa. Tamko la kuomba radhi liliwekwa kando, na mazungumzo ya chai sasa ni kipindi rasmi cha podikasti yetu, kinaitwa Chai Kabla ya Salamu, nacho kinaongoza kwa wageni. Neno la Mkurugenzi ni la mwisho, nyuma ya bendera yangu. Mbuzi wa Anouar hakupatikana, na mama wa Brussels ametuma pole.

Mama Mwanvua ametufundisha kazi wote tulio hapa, hata wale tuliokataa kufundishika. Alikuja kazini siku ambazo barabara zilitutisha sisi vijana. Alisoma majina ya watu wa wengine kwa upole uleule ambao angetaka mtu amsomee wa kwake. Tunamshukuru kwa hayo, na kwa chai yote, na tunamwomba msamaha kwa sukari. Aliyekuwa akiimaliza kila siku ni Mzee Byamungu.

Mwezi wa kwanza atapita Kigoma, apande meli hadi Mpulungu, na kutoka huko ashike barabara ya Lusaka. Zawadi yetu ni mfuko wa sukari uliofungwa vizuri, ingawa kona moja imefunguka na Anouar haangalii mtu machoni. Mama Mwanvua, safari yako iwe nyepesi, nyumba yako ijae watu, na uzee wako uwe na utani mwingi. Sisi tutaendelea kuharibu mambo kwa jina lako.

Wasifu huu utasomwa kwenye sherehe, na kaseti itakuwa inazunguka tangu kabla ya hotuba, kama kawaida yetu. Hakuna atakayekata kitu. Kwa hiyo nawe Khadidja, kwa kuwa tunajua unasikiliza kwa Mirindi: yaya wako yuko njiani na mfuko wake wa sukari. Ameubeba mkononi, na safari hii hakuuficha.