Waya wa Tatu wa Mama Lela

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Na aliye na maji mikononi ajifute kwanza. Leo tunamkumbuka Mishi binti Saad wa Ziwani, Mama Lela, aliyetutoka mwezi wa saba mwaka jana, 1958. Aliondoka na miaka ishirini na sita.

Mnaijua baridi ya mwezi wa saba hapa Nairobi. Nguo zinashinda kambani na kurudi ndani mbichi. Sakafu ya saruji inauma nyayo. Nyumba za safu ya Mishi zilikuwa na stima ya taa tu, balbu moja darini. Nyumba moja tu, ya pembeni, ilikuwa na soketi ukutani. Ni nyumba ya Bi Shamsia, Mama Twalib. Na Mama Twalib alikuwa na hita.

Lela alikuwa na miaka minne. Akiamka tu, mbio kwa Mama Twalib. Uji anywe huko, usingizi wa mchana alale huko. Mishi akimwita, mtoto anajibu, "Nakuja!" na haji.

Mishi hakuwa mtu wa kuonea wenzake wivu wa kanga wala sufuria. Lakini siku moja alimfuata mtoto hadi mlangoni kwa jirani, akamsikia akisema, "Mama, nisogezee." Hakusema Mama Twalib. Alisema Mama. Na Shamsia akaitika, akaisogeza hita.

Mishi alirudi kwake bila kubisha hodi. Asubuhi, bombani, wanawake nao wakamchokoza: "Mama Lela, binti yako anahamia lini? Tuje tubebe godoro?" Wakacheka. Shamsia naye akacheka, "Mwacheni bwana, mtoto ni wetu sote." Mishi akaondoka na ndoo nusu.

Siku hiyohiyo alikwenda Gikomba, akarudi na hita kuukuu chini ya buibui. Alinunua na kile kiplagi cha kuchomeka pale balbu inapofungwa. Akampelekea Abukar, fundi wa baiskeli na redio, amuunganishie.

Abukar akaugeuza waya wa hita. "Mama Lela, huu una nyaya tatu ndani. Taa yako ina mbili. Huu wa tatu ndio unaokulinda stima ikivuja kwenye bati la hita, na kwako hauna pa kwenda. Siungi."

"Hita si itawaka bila huo?"

"Kuwaka itawaka, dada. Ndiyo maana siungi."

Mishi alilisikia neno moja tu: itawaka. Nyumbani akachukua kisu cha jikoni, akaukata waya wa tatu, akaunga zile mbili zilizobaki mwenyewe. Hita ikawaka, nyekundu kama papai lililoiva.

Muhidin, mumewe, fundi cherehani, anatuambia: "Nilipofika nilimkuta anacheka peke yake. Nikamuuliza nani kaunga. Akasema, kula kwanza, chakula kinapoa. Nami nikala. Sikuuliza tena."

Siku tatu Lela hakukanyaga kwa jirani. Siku tatu! Mishi akaenda bombani shingo juu, akasema kwa sauti, "Hata kwangu kunawaka." Siku zote tatu aliishika hita ile akiwa na ndara miguuni na mikono mikavu. Hakujua kwamba hivyo tu ndivyo vilivyokuwa vinamlinda.

Siku ya nne, magharibi inakaribia, Mishi alikuwa anatawadha kwa ajili ya swala. Alikuwa peku, maji yanamchuruzika viwikoni. Lela, amekaa mkekani, akamwita: "Mama, nisogezee."

Neno lenyewe ndilo hilo, wasikilizaji. Neno alilokuwa akilingoja. Mishi hakungoja kujifuta. Alikwenda mbio kwenye saruji na miguu mibichi, akaishika hita kwa mikono miwili.

Lela alitoka akipiga kelele. Shamsia aliingia, akaona, na hakumgusa. Alizima swichi ya mlangoni kwanza, ndipo akamshika. Ndivyo inavyopasa, na ndivyo alivyofanya. Lakini Mishi alikuwa ameshaondoka.

Lela sasa hushinda kwa Shamsia, na jioni babake humchukua. Hita ya Shamsia imefungwa kwenye gunia, juu ya kabati. "Mtoto namfunika blanketi," Shamsia anasema. "Nilidhani nampa joto tu. Sikujua mwenzangu anaumia. Akiniita Mama, siitiki. Namtazama mpaka amalizie: Mama Twalib. Hapo ndipo naitika."

Bwana Muhidin, pole sana. Lela, mwanetu, pole. Bi Shamsia, pole na wewe, maana huu ni msiba wako pia. Mungu amlaze Mishi mahali pema.

Na nyinyi kina mama wenzangu, baridi bado ipo. Taa ni ya mwanga, msiilazimishe kazi nyingine. Fundi akikwambia hapana, usikimbilie kisu. Maji na stima visikutane mkononi mwako, hata mtoto akiita vipi. Mwambie, "Ngoja nijifute."

Na ukimwona mwanao anaota moto kwa jirani, mwache apate joto. Jioni atarudi. Muhimu akukute.